Giaboksi ya Bibi Harusi

Ijumaa, 1 Machi

Kalamu inaruka mistari, wala si homa. Ni furaha! Bosi kamwita Kitinda wangu!

Ngoja niandike taratibu nisije nikaruka jambo. Binti yangu wa mwisho, kitindamimba, ndiye huyu ninayemwita Kitinda. Yuko pale gereji ya juu mlimani tangu mwaka juzi. Kazi yake kuosha vyuma. Wanaume wanafungua, wanaume wanaharibu, anaosha yeye. Kule nyuma kuna chumba chenye mlango wa bati, chumba cha gia. Humo zinafunguliwa giaboksi za magari ya oto tu, yale yanayojibadilishia gia yenyewe, na huingii mpaka Bosi akuite. Kitinda keshaomba mpaka kachoka. Bosi huguna tu. Yule baba anatoa maneno kama mtu anayeng'olewa jino.

Leo kafungua mdomo! Kamwambia: gari la mama yako si limelala? Basi lihudumie giaboksi wewe mwenyewe, huko huko kwenu, kwa mkono wako, asiguse mtu. Jumamosi ya wiki ijayo nakuja asubuhi, nakaa kando yako, tunapanda huu mlima. Likifika juu, Jumatatu yake unaingia chumba cha gia.

Kitinda kauliza, na lisipofika?

Utaendelea kuosha. Na usiniombe tena.

Haya! Gari lenyewe ni langu mimi, nimelinunua kwa mito. Kila anayelaza kichwa vizuri mtaa huu kakilaza kwenye mto niliojaza mimi. Gari limemzidi umri Kitinda. Jeupe, refu nyuma, halina klachi. Nimelipa jina Bibi Harusi maana haliendi bila kubembelezwa. Unaweka D, linakaa. Linafikiri. Linakumbuka kwao. Halafu — tii! — linaruka. Mara ya mwisho, mlima huo huo wa gereji, limejaa mito hadi darini, likakata tamaa katikati. Injini inanguruma, magurudumu hayana habari. Tukarudi kinyumenyume mpaka chini, mito inamwagika njia nzima, watu wanajichagulia. Tangu siku hiyo limekaa uani. Naanikia foronya juu yake.

Na sasa mwanangu ndiye atakayeliamsha. Mwanangu! Niliyemzaa mimi!

Jumamosi, 2 Machi

Duka la spea, mimi na fundi wangu. Muuzaji kanikazia macho mimi — mama, gari gani, mwaka gani, injini gani? Nikamwonyesha kwa kidevu: ongea na mwenyewe. Kitinda kataja kila kitu, mpaka namba ya giaboksi. Muuzaji kaacha kutafuna. Karudi stoo mwenyewe, hakumtuma mtu.

Tumepata filta ya giaboksi (sikujua giaboksi ina filta! Nilidhani filta ni ya chai na injini), na gasketi yake ya mpira, na oili. Oili yenyewe nyekundu kama rangi ya mdomo. Kitinda alitaka dumu moja. Anasema oili ya gia za oto haitoki yote, nyingine hujificha humo ndani, kwa hiyo kinachotoka ndicho kinachorudi, hakizidi hakipungui. Mimi nikasema mawili. Mama, tunahudumia gari, hatualiki wageni. Nikasema mawili! Nyumba yangu haijawahi kupungukiwa, haitaanzia kwenye oili. Basi la pili limekaa chini ya meza yangu ya kushonea, kaliita dumu la wageni. Acheke tu.

Njiani nimemwambia fundi viatu. Nimemwambia muuza nyama. Nimewaambia kina mama wa chama chetu, wote, kikao kikaishia hapo hapo. Jumamosi wanakuja kuona. Nimewaambia: vidole vyake kumi peke yake, hakuna mwanamume humo wala kivuli cha mwanamume.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, anaishi ukuta kwa ukuta nasi. Hakuchelewa. Kaegemea mlango kanisubiri.

— Wifi, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Wangu hanywi wala hagemi, nikamjibu.

— Haya. Siku ya kuumbuka usije kulia kwangu, sina kanga ya ziada.

Jioni Baba Watoto kapiga simu kutoka kazini kwake mbali. Habari zilishamfika, na najua nani kazifikisha. Anasema gari la oto kuukuu haliguswi, ukilibadilishia oili unaliua, linazoea uchafu wake. Nikamwambia, na wewe ulikuwa umezoea uchafu wako mpaka nilipokuoa. Kacheka mpaka salio likaisha.

Kitinda kamjibu vizuri kuliko mimi: baba, linalokufa baada ya oili mpya lilishakufa zamani, hamkuambiwa tu.

Jumapili, 3 Machi

Leo ndio leo!

Asubuhi kalipasha moto kidogo, kalizungusha uani, ili oili iwe laini. Kisha jeki. Kisha stendi nne za chuma alizoazima. Kisha mawe nyuma ya magurudumu. Kalisukuma kwa bega, likakaa imara. Ndipo akaingia chini. Mwenye jeki peke yake, kasema, ni mwenye haraka ya kuzikwa. Hayo kayaona gereji, hakuyasoma tu.

Mimi kanipa stuli, mbali. Mama, kaa hapo. Mikono mapajani. Usilete kitambaa, usilete maji, usilete ushauri.

Nikakaa! Jamani, hakuna kazi ngumu kama kukaa.

Kafungua bolti za upande mmoja, lile sinia la chini likainama. (Wao wanaliita sampu. Mimi naliona sinia, na lingenifaa jikoni.) Oili ikaanza kushuka kwenye beseni. Loo! Nyeusi. Chai iliyochemshwa mara tatu. Na harufu — kama mkate ulioungua, halafu mtu akaumwagia kiberiti. Wifi kachungulia ukutani: kumeungua nini huko? Kitinda toka chini akajibu, miaka, shangazi.

Sinia likashuka zima. Ndani yake kuna sumaku ndogo ya duara, imevaa matope ya kijivu, laini kama wanja. Nikajua ndiyo kwisha. Kitinda kasugua yale matope kwa vidole viwili. Katabasamu, na meno ndiyo pekee yaliyobaki meupe. Anasema haya ni ya kawaida, ni vyuma kuzeeka, kazi ya sumaku ni kuyakamata. Ingekuwa vipande, ningelia na wewe. Hakuna vipande!

HAKUNA VIPANDE. Nimeyaandika makubwa.

Oili iliyotoka kaipima kwa chupa tupu za maji, kazipanga chini ya ukuta, asizidishe wala asipunguze atakaporudisha. Mwanangu akili hizi kazitoa wapi? Mimi darasa la tano, baba yake la saba, tena kwa kuruka mengine. Nadhani zilikuwa zinajikusanya tu kwetu, hazina wa kumwangukia.

Filta ya zamani kaitoa. Mpya itaingia kesho, sinia litafuata. Sinia kaliloweka kwenye mafuta ya taa, kalifunika gazeti. Kesho mchana yuko kazini. Kasema atalisafisha akirudi.

Jumatatu, 4 Machi

Kitinda yuko gereji. Nimejaza mito asubuhi nzima, oda ya nyumba ya wageni, ile pamba ya mabaki, nyeupe na ya waridi. Nyumba nzima inapiga chafya. Pamba iko kwenye nywele, kwenye chai, kwenye kope.

Sinia limekaa uani.

Nimepita mara ya kwanza sikuangalia. Mara ya pili nikainua gazeti kidogo. Chafu! Pembeni lina ukoko kama sufuria ya mgeni asiyejua kupika. Nikasema mtoto atarudi kachoka, jua linazama, aanze kukwangua? Nina mikono miwili yenye afya. Na si gari lenyewe ninaligusa, ni sinia tu. Sinia ni chombo, na vyombo ni vyangu.

Basi. Nimelikosha. Nimelisugua. Nimelikausha kwa kitambaa laini cha foronya. Zile kona ndogo zisizofikika nimezitia pamba kwa ncha ya kijiti, kama unavyomsafisha mtoto sikio. Sumaku nayo. Likang'aa! Unajiona meno! Nikalirudisha chini ya gazeti lake, nikarudi kwenye mito.

Jioni Kitinda kafika mbiombio, mwanga unaondoka. Kainua gazeti. Halafu kasema, mafuta ya taa haya! Mama, njoo uone, yamekula uchafu wote yenyewe!

Nikasema, hee, mafuta ya taa ni kitu kingine.

Nimecheka na mto usoni. Kaliinamisha mwangani kidogo, kaweka filta mpya, kalifunga hivyo hivyo kabla ya giza. Ameepushiwa kazi ngumu na hajui nani wa kumshukuru. Sitamwambia. Zawadi ya mama haina haja ya jina.

Jumanne, 5 Machi

LIMETEMBEA!

Naanza upya. Bolti kazikaza jana msalaba msalaba, huku kidogo kule kidogo, sinia lisipinde. Leo jioni kamimina ile oili nyekundu kupitia bomba jembamba la kijiti cha kupimia, kwa faneli, pole pole, chupa kwa chupa. Kawasha. Mguu kwenye breki, kapitisha mkono wa gia kila mahali — P, R, N, D, 2, L, na kurudi — kila mahali kidogo, oili ifike vyumbani kote. Kisha kapima, injini ikiwa inawaka. Kijiti kakifuta, kakitumbukiza, kakitoa. Nyekundu, safi, kwenye alama!

Halafu kaweka D.

Hakuna kufikiri. Hakuna kukumbuka kwao. Hakuna tii! Bibi Harusi kaondoka kama kaitwa jina lake! Mbele, mpaka ukutani. R — nyuma, mpaka kwenye kamba ya nguo. Mbele. Nyuma. Nimepiga kigelegele mpaka sauti ikakatika katikati. Wifi katoka na mwiko mkononi.

— Nini, kumezaliwa?

— Kumefufuka!

Kalitazama likienda likirudi. Kasema, uani hakuna mlima. Kajifanya amekuja kuomba chumvi. Chumvi nimempa, na maneno nimempa pia: njoo Jumamosi, uvae vizuri.

Alhamisi, 7 Machi

Jana sikuandika, nilikuwa natembezwa! Kuzunguka mtaa, barabara tambarare, dirisha wazi, mkono wangu nje. Fundi viatu kasimama. Muuza nyama kapunga kisu. Nimeketi kama waziri.

Leo nilitaka kuandika hayo tu na kujisifu. Lakini.

Alasiri Wifi kaja, Kitinda kafungua boneti kupima tena. Wifi mwenye macho yake kauliza: mbona unafuta hicho kijiti kwa karatasi, na nyumba hii imejaa vitambaa? Umewekewa mwiko?

Kitinda kasema ndiyo, shangazi, mwiko kabisa. Ndani ya giaboksi ya oto kuna vijitundu vyembamba kama tundu la sindano, oili inapita humo kwenda kusukuma gia. Uzi mmoja wa kitambaa, kijinyoya kimoja cha pamba, kikisafiri kikaziba mlango wa filta au kijitundu, oili inakosa nguvu. Barabara tambarare hutajua. Utajua mlimani.

Kasema hivyo, utajua mlimani, kafunga boneti, kaingia kunywa maji.

Mto ulikuwa mkononi mwangu. Umeanguka, pamba yote chini.

Wifi kaniuliza mbona umekuwa rangi ya unga. Nikasema jua.

Nimemfuata Kitinda ndani nikamuuliza hivi hivi, kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu: na kijinyoya kikiingia, kinatokaje? Kasema unafungua upya, unamwaga oili yote, unasafisha. Halafu kasema jana likiingia gia ya tatu lilisita kidogo, kidogo sana, labda ni masikio yangu.

Si masikio yako, mwanangu.

Ijumaa, 8 Machi

Sijasema.

Nimejaza mito minne tu. Mmoja nimeusahau mdomo wazi.

Nikisema, mkono umegusa, na Bosi alisema asiguse mtu. Mtaa mzima nimeuambia vidole kumi. Nisiposema, mlima utasema.

Wifi kauliza mbona leo huimbi. Kina mama wametuma ujumbe, wanakuja saa mbili asubuhi, wamekubaliana vitambaa vya kichwa vya rangi moja. Rangi ya waridi! Ya pamba yangu!

Kitinda kalala mapema. Anacheka usingizini.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika kwa vipande, nikipata nafasi.

Alfajiri nimemkuta bombani anapiga mswaki. Nikasema: Kitinda, lile sinia halikusafishwa na mafuta ya taa.

Kanitazama, povu mdomoni.

— Kwa nini, Mama?

— Lilikuwa chafu.

— Nauliza kwa kitu gani, kwa kitambaa gani?

— Cha foronya. Na kona… na pamba kidogo. Kwa kijiti. Kama sikio.

Katema povu. Kakaa kwenye ndoo. Nilidhani analia, kumbe mabega yanacheka. Halafu hayacheki tena. Kafuta mdomo kwa mkono, kasema neno moja tu: saa? Nikamwambia. Kasema Bosi saa mbili. Leta dumu la wageni.

Dumu la wageni! Nimekimbia kama msichana. Limetoka chini ya meza na vumbi lake.

Nikasema nikushikie tochi. Kasema Mama! Nikaenda kwenye stuli, nikakalia mikono yangu, kweli, nimeikalia.

Jeki, stendi, mawe. Hata leo hakuruka hatua, hata leo kalisukuma kwa bega kwanza. Oili nyekundu ikashuka, bado nzuri, inaumiza kuitazama. Na sinia lilikuwa kifuani mwake pale Bosi alipoingia getini. Kabla ya saa mbili! Shati kapiga pasi. Sijawahi kumwona na shati lililopigwa pasi. Nyuma yake kina mama, vitambaa vya waridi, na Wifi mbele yao.

Bosi kaona miguu chini ya gari. Kasimama.

— Bado?

— Lilikuwa tayari, Bosi. Nimelifungua tena.

— Kwa nini?

— Lina uchafu.

— Umetoka wapi?

Kitinda katoka chini. Kanitazama. Nikaona mdomo wake unajikusanya, namjua, toka mdogo akijikusanya hivyo anataka kubeba kosa la mtu. Akaanza, nili—

Nikasimama. Stuli ikaanguka. Nikasema kwa sauti ile ile niliyowatangazia wote:

— Mimi! Nimelifuta mimi, Jumatatu, yeye hayupo. Hakunituma, hakujua. Kwa pamba ya mito. Nimesema vidole kumi, vilikuwa ishirini. Kumi vyangu ndivyo vilivyoharibu!

Mbwa wa jirani ndiye aliyejibu, mshenzi yule asiyenyamaza.

Mmoja wa kina mama akacheka, kile kicheko cha puani. Nilijua Wifi atafuata. Wifi kamgeukia: wewe unacheka nini? Wako kafungua nini toka azaliwe, zaidi ya friji?

Wifi yangu! Nitampa mito miwili. Mikubwa.

Bosi kachuchumaa. Shati na pasi yake, kachuchumaa kwenye vumbi. Kachukua sumaku toka kwenye sinia, kailetea jua. Kabana kitu kwa kucha. Kijinyoya. Cha waridi. Kakisokota kati ya vidole, kasema:

— Hii pamba nailalia kila siku.

Hakutabasamu. Sijui kama ulikuwa utani. Watu hawakujua wacheke au la.

Kamuuliza Kitinda: ulipofunga, ulikagua?

Nilitaka kumjibia. Nimeuma ulimi, unauma hadi sasa.

Kitinda kasema: sikukagua. Niliona linang'aa, nikafurahi.

Bosi kaguna. Kauliza, na leo umejuaje?

— Mama kaniambia. Na gia ya tatu ilikuwa imesita, nikajidanganya ni masikio.

Kaguna tena, guno jingine, refu kidogo. Kasema: funga.

Wifi hakuweza kuvumilia. Kaka, kauliza, sasa huo mkono wa mama unahesabika au hauhesabiki?

— Tupande kwanza.

Ndiyo yote aliyosema. Kaketi juu ya gunia langu la mito, mikono kaiweka nyuma ya mgongo, kama mtu anayejifunga mwenyewe.

Kitinda karudi chini. Mdomo wa filta kauchungulia kwa tochi, kachomoa vijinyoya viwili kwa kibanio cha nyusi — changu! kaomba mwenyewe, nimempa, hiyo si kugusa, kaomba. Sinia kalisuuza, kalikausha kwa karatasi ngumu, kalishika juani, kaligeuza, kalipitishia kidole, kaligeuza tena. Kina mama wote wakawa wanainamisha shingo pamoja naye, huku, kule. Bolti moja ikamkataa, iko pembeni kabisa, spana haifiki vizuri. Nimeona mkono wa Bosi unatoka mgongoni. Kaurudisha! Naye pia! Nikajua si mimi peke yangu ninayeteseka.

Bolti ikaingia.

Dumu la wageni likamiminwa, chupa kwa chupa. Likatosha na kubaki. Naliandika hilo kwa sababu hakuna atakayelisema.

Kawasha. P, R, N, D, 2, L, kurudi. Kijiti, karatasi, kijiti. Kwenye alama.

Sasa nimeitwa.

Bado Jumamosi, ndani ya gari

Kitinda kwenye usukani. Bosi kando yake. Mimi nilitaka kubaki na wenzangu, Kitinda kasema hapana, Mama, panda nyuma, ulikwama nalo utapanda nalo. Lakini ukae na kitu mkononi. Ndiyo maana naandika. Mwandiko unarukaruka, si kosa langu.

Gunia la mito liko kando yangu. Bosi mwenyewe kasema lipakiwe, na mengine yote. Kama siku ile, kasema. Mpaka darini.

D imeingia. Kimya. Hakuna tii.

Kina mama wanakimbia nyuma, nawaona kati ya mito miwili, vitambaa vinapepea. Wifi kavua viatu.

Barabara tambarare. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu — imeingia! Sijasikia kitu! Au ni masikio yangu. Bosi naye hajasema kitu. Huyu baba!

Sasa fundi viatu, kasimama. Muuza nyama. Siwapungii, mikono ina kazi.

Mlima.

Pua imeinuka. Mito yote imenilalia. Injini imebadilisha sauti, gari limejishusha gia lenyewe, Bosi kainamisha kichwa upande wa sakafu, anasikiliza kama daktari. Kauliza, ya ngapi hii?

Ya pili, Bosi. Inashika.

Kitinda hakumtazama mtu. Shingo yake tu naiona, na ukosi wenye alama ya oili. Shingo ya bibi yake mzaa mama ile ile.

Pale mbele ndipo tulipokwama. Napajua, kuna nguzo iliyopinda. Watu wamekaa juu ya ukuta, walewale waliojichagulia mito. Inakaribia. Mwendo umepungua kidogo. Au umepungua? Injini inanguruma zaidi. Kitinda hajakanyaga zaidi, anaisubiri, subira hii kaitoa wapi.

Nguzo iko dirishani.

Mguu wangu wa kulia unakanyaga sakafu wenyewe, kwa nguvu zote, kama ndiye mimi ninayeendesha. Nauondoa. Unarudi. Nguzo imebaki nyuma, na bado tunapanda.